Kopo la Kudaka Pumzi ya Injini

Baba yangu ni fundi wa magari, na mimi ni fundi kwa sababu yake. Anaamini injini huuawa na vitu viwili tu, vumbi na dereva. Vumbi alikuwa na dawa yake tangu kwetu Uvira, Kongo. Dereva dawa yake ilikuwa kumfukuza.

Aliyefukuzwa alikuwa jirani yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Mrundi mpole mwenye watoto wawili, aliyeendesha pikapu yetu ya dizeli yenye turbo. Asubuhi alipeleka akina mama na mizigo yao Old Town, Lilongwe, na siku za soko la Mitundu alirudi na magunia ya karanga na maharage. Aliendesha miaka mitatu bila kukwaruza hata taa. Kisha turbo ikaanza kutoa moshi wa bluu, gari likaishiwa nguvu vilimani, na siku moja ikapiga ukelele wa chuma kwa chuma, basi. Baba alitoa hukumu kabla injini haijapoa. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, huzunguka kwa kasi ya ajabu na kupata moto mkali, kwa hiyo ukifika unatakiwa uiache injini iungurume kidogo ndipo uzime. Dereva wetu, alisema baba, alikuwa anafika na kuzima papo hapo, kama mtu anayezima redio.

Akaniuliza mbele ya watu kama nimewahi kumsikia akifanya hivyo. Nikasema ndiyo, nilimsikia Jumamosi iliyopita: gari limeingia uani, na injini ikakatika kabla vumbi halijatua. Nilikuwa na hakika kabisa. Dereva alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Habari za kambini hazihitaji miguu. Wiki haikwisha, jirani akawa ameshapewa jina, Muua Turbo, na wenye magari wote wakamkwepa. Akaanza kazi ya kabaza, akibeba abiria kwenye baiskeli ya kukodi kati ya lami na soko. Mtu aliyezoea usukani sasa alikuwa akipanda mlima kwa miguu yake, na mama mwenye gunia la unga nyuma. Kila nilipokutana naye alinisalimia vizuri, nami niliitika nikitazama gurudumu.

Baba alipata turbo nyingine iliyotumika kwa wauza vyuma chakavu wa Lilongwe, tukaifunga, na akaamua kuendesha mwenyewe. Sijawahi kuona mtu akibembeleza gari namna ile. Akifika nyumbani hashuki. Anakaa ndani, injini ikiunguruma, mikono mapajani, macho yamefumba. Majirani walidhani anasali. Chakula kinapoa, baba bado anapoza turbo.

Miezi miwili baadaye moshi wa bluu ukarudi.

Baba alimlaumu muuzaji, akailaumu dizeli, akamlaumu hata dalali aliyetupeleka kwa muuzaji. Mimi nilibaki na swali lililoniwasha kama upupu: kama dereva ndiye aliyeiua ile ya kwanza, hii inauawa na nani? Sikumwuliza baba. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuna wazee ukiwauliza wanahesabu umewatukana.

Nilianza kwa kuchungulia. Nilifungua mpira mnene unaotoa hewa kwenye turbo, na mafuta ya injini yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Pale panapaswa kupita hewa tupu. Nikatazama turbo, mhimili wake bado ulikuwa mzima, haukucheza. Sasa mafuta yalikuwa yanatafuta nini huko? Nilikaa chini nikaufikiria mpira ule mpaka mama akaniita mara tatu.

Siku iliyofuata nilikwenda Old Town kutafuta gasketi. Nyuma ya maduka ya jumla kuna uwanja ambako mafundi wa Kimalawi hufanya kazi, na mmoja wao alikuwa ameinamia gari dogo la Kijapani, la aina wanayopenda vijana wenye haraka. Pembeni mwa injini palifungwa kopo la fedha lenye mipira miwili, mmoja ukiingia, mmoja ukitoka. Gasketi nikaisahau.

“Achimwene, hili kopo la nini?” nilimwuliza, nikimwita kaka. Chichewa changu ni cha sokoni, na Kiingereza chake kilikuwa cha gereji, lakini watu wawili wakisimama mbele ya injini moja lugha hupatikana.

“La kudakia mafuta, achemwali,” alisema, naye akiniita dada. Akafungua kizibo cha chini na kumimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Ilitoka rangi ya chai ya maziwa iliyolala, yenye harufu ya kutisha. Nikainusa mara mbili. Akacheka.

Alinieleza taratibu, akichora kwa kidole kwenye vumbi la bodi. Hakuna pistoni inayoziba kabisa. Kila mlipuko, gesi kidogo hupenya pembeni na kushuka tumboni mwa injini, yaliko mafuta. Penye turbo hewa inasukumwa kwa nguvu zaidi, na gesi inayopenya ni nyingi zaidi. Gesi hiyo lazima itoke, na njia yake ni bomba la kupumulia. Ila haitoki peke yake, inabeba ukungu wa mafuta na unyevu, na kwenye magari mengi bomba hilo hurudi kwenye njia ya hewa na kuipaka uchafu. Kopo linakaa katikati. Gesi inapita, mafuta yanabaki.

“Na gesi ikikosa pa kutokea?” niliuliza.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza mtu akizibwa pua inakuwaje. Alisema turbo inalainishwa na mafuta ya injini, na mafuta hayo hushuka yenyewe kwa uzito wake kurudi tumboni. Tumbo likijaa upepo, yanagoma kushuka. Yanarundikana juu, yanapenya kwenye sili, vizibo vya mhimili wa turbo, yanaingia kwenye hewa na kwenye ekzosi. “Hata turbo mpya itatoa moshi,” alisema. “Utanunua, utatupa, utanunua.”

Nikamshukuru, zikomo, zikomo kwambiri, nikageuka kwenda nyumbani. Nilijua nini kilikuwa kwenye bomba letu la kupumulia.

Kwenye barabara ya Uvira kwenda Fizi, watu wa malori walikuwa na desturi yao. Malori yale ya zamani bomba la kupumulia lilining’inia wazi chini ya injini, na barabara ilikuwa vumbi kiangazi, mito isiyo na madaraja masika. Kwa hiyo kila fundi alifunga kipande cha kitenge mdomoni mwa bomba, mara mbili, kwa utepe wa mpira wa tairi. Lori lile lilivuja kila upande, pumzi ikizuiwa hapa ilitokea kule, hakuna aliyedhurika. Baba alivuka mipaka na desturi hiyo pamoja na spana zake. Kwenye pikapu aliling’oa bomba kutoka njia ya hewa, akaziba tundu kwa kijiti, akalishusha bomba chini na kulifunga kitenge. Mafundi aliowafundisha hapa kambini wanafunga vivyo hivyo. Ukiona kitenge, ujue mkono wake umepita hapo.

Asubuhi, baba alipokwenda kanisani kwenye kikao, nililala chini ya gari na kukikata. Kilikuwa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, zamani. Sasa mafuta na vumbi vilikuwa vimekikausha kikawa kigumu kama mkate uliosahaulika juani. Nilikiweka mdomoni nikapuliza. Hakikupita kitu. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Nikawasha injini bomba likiwa wazi, nikaweka kiganja, na pumzi ikanigonga, puu, puu, ya moto na yenye harufu ile ile ya Old Town. Nilifurahi kama mtoto, kisha nikamkumbuka jirani juu ya baiskeli, furaha ikakata.

Nilitengeneza kopo kwa chupa ya chuma ya kubebea maji, nikaifungia mabomba mawili, moja la kuingiza na jingine lenye kichujio kidogo juu cha kutolea pumzi. Ndani niliweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ili ukungu wa mafuta ugande hapo. Mara ya kwanza nilizishindilia kwa bidii kubwa, kisha nikapuliza nikagundua nimejenga kitenge kingine, cha chuma. Nusu nikazirudisha jikoni kwa mama. Baba nilimwambia nimeweka kichujio cha vumbi, na neno vumbi likamridhisha.

Kwa wiki mbili nilimwaga kopo kila Jumamosi kwenye chupa nyeupe na kutia alama kwa kalamu. Nilipenda kuitazama: mafuta juu, maji machafu chini. Jirani mwingine akaniomba ile takataka apake nguzo zake dhidi ya mchwa. Wiki ya kwanza moshi ulipungua. Ya pili haukuonekana tena, na turbo ile ile iliyokuwa inakufa ikapanda vilima vya Dowa na magunia.

Nilimkuta baba akila nsima. Nikaweka kitenge kando ya sahani.

“Papa, pulizia hapa.”

Alikitambua. Alipuliza. Akakigeuza akapuliza upande wa pili, kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamtoka. Nikamweleza yote, tumbo la injini, sili, mafuta yanayogoma kushuka. Hakunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Ku Fizi ilikuwaka inapita,” alisema mwishowe.

“Ku Fizi malori ilikuwa inavuja, Papa.”

Akanawa mikono. “Mama,” aliniita, kama anavyoniita akitaka kitu, “ule shofere nitamurudishia kazi. Kesho. Lakini haiko lazima bantu bajue juu ya nini.”

Nilikasirika. Nampenda baba, ila safari hii nilimjibu. “Kazi ulimunyanganya weye, unaweza murudishia. Ile jina, Muua Turbo, bantu njo bako nayo.”

Aliinuka akatoka nje. Lakini asubuhi alivaa shati la Jumapili, akatia kitenge mfukoni, akaenda sokoni mahali magari yanaposubiri abiria. Nilimfuata. Jirani alikuwepo, ameegemea baiskeli yake. Baba aliwaita madereva na mafundi, na wakaja, maana baba akiita watu huja.

“Mi njo niliua ile turbo,” alisema. “Si yeye. Hii nguo niliifunga na mikono yangu.” Akaeleza, vibaya kidogo, lakini akaeleza. Kitenge kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akapuliza. Kisha mmoja akaenda kufungua boneti ya gari lake. Akafuata wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyecheka.

Baba akamnyooshea jirani ufunguo. “Mwanangu, unisamehe.”

Jirani alisema, “Nimekusamehe, Papa,” lakini ufunguo hakuushika. Alinigeukia mimi. Nikaona ni zamu yangu.

“Na mi unisamehe, kaka. Nilisikia unazima haraka, lakini sikujua haikuwa ile njo—”

“Dada,” alisema polepole, “hukusikia kitu. Ile Jumamosi hukukuwa ku nyumba. Ulikuwa ku foleni ya maji, na bidoni ya njano. Nilipita pale na gari, njo narudi ku nyumba, nikakupigia honi. Ukanipungia mukono.”

Nilifungua mdomo kumkatalia. Kisha nikaliona bomba la maji, foleni, jua la saa nane, na mkono wangu mwenyewe ukiwa juu.

“Juu ya nini hukusema ile siku?” nilimwuliza.

“Mbele ya papa yako? Nimuite mutoto wake muongo?”

Niliwageukia watu, wengine bado wameshikilia boneti zao, nikasema siku ile sikuwepo nyumbani na sikusikia kitu. Ilitoka sauti ndogo. Baba akaniambia nirudie, wa nyuma hawajasikia.