Mabega Mawili Kwenye Simu

Fundi cherehani huyu majina ya watu hayamkai kichwani, ila mwili aliowahi kuupima haumtoki. Ndiyo maana kwenye simu anayotumia kutuma pesa za benki hakuna jina la mtu hata moja. Mwenye nyumba ni Tumbo Nene, muuza vitambaa ni Shingo Fupi. Dada yake, aliyebeba watoto sita kwa upande mmoja, ni Bega Limeshuka. Na muuza saruji, aliyebeba mifuko mpaka akamiliki duka, ambaye fundi aliwahi kumrudishia kwa simu chenji ya koti alilomshonea, naye ni Bega Limeshuka. Maringo ya ufundi hayo, na Jumatatu asubuhi yalimponza.

Siku hiyo alikuwa anamtumia dada yake pesa za upasuaji wa macho ya mama yao. Hospitali ilikuwa imewapa mpaka Alhamisi. Ikipita, nafasi inaenda kwa mwingine na wao wasubiri miezi mitano. Akabonyeza Bega Limeshuka la kwanza. Jina halisi likatokea ili athibitishe, hakulisoma. Nani anasoma jina la dada yake?

Saa sita dada akapiga simu. "Mbona kimya? Huku hakijaingia kitu."

Fundi akafungua simu, akaona zimeenda kwa Bega Limeshuka la muuza saruji, akakimbilia benki. Karani alikuwa na upole wa mtu anayerudia maneno yale yale tangu asubuhi. "Mama, tunaweza kuzizuia siku tatu tu. Kuzirudisha, mpaka mwenye akaunti aje asaini."

"Na asipokuja?"

"Hapo tena ni mahakamani."

Na mwenye akaunti walikuwa hawasemezani. Koti lile alilirudisha baada ya miezi kadhaa likimning'inia upande, akadai limeshonwa ovyo. Fundi akamjibu mbele ya wateja kwamba koti halina kosa, ni bega lililozidi kushuka. Alisema kweli, na daftari lake la vipimo lilikuwa na ushahidi wote.

Alimkuta dukani, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Akamweleza kilichotokea, hakuficha hata habari ya macho. Muuza saruji hakuwa na haraka.

"Nitasaini," alisema. "Ila kwanza useme koti lilikuwa na kosa. Sema hapa hapa, wapakiaji wangu wasikie."

Daftari lilikuwa mkobani. Fundi aliligusa, akaliacha humo humo. Ilimuuma sana.

"Kosa lilikuwa langu," alisema. "Lilete nilirekebishe. Bure."

Jumatano muuza saruji akasaini, Alhamisi mama akapasuliwa. Fundi aliongeza pedi nene upande mmoja wa koti, likakaa sawasawa, na mwenye koti akazunguka mtaa mzima akitangaza kwamba alishinda.

Bandeji zilipotolewa, mama aliwatazama binti zake waliosimama miguuni pa kitanda. Miaka minne alikuwa akiwajua kwa sauti tu. Alimwangalia dada mtu, akatabasamu. Kisha akamkazia macho fundi, mpaka fundi akaanza kujivuta blauzi.

"Mwanangu," mama akasema, "hata wewe bega limeshuka. Tangu lini?"

Fundi akapeleka mkono begani, akalipapasa. Hakuwahi kujipima.