Kopo la Mate

Mimi mate ya mtu siyawezi. Nimezalisha mbuzi kwa mikono yangu hii, nimeosha vidonda vya marehemu mume wangu mpaka siku anakufa, kinyesi cha mtoto nafuta na chakula naendelea kula. Ila mate, hapana. Mtu akitema mbele yangu, roho inapanda mpaka hapa kooni. Sasa ndiyo ujue nilivyopatikana, maana mke wa mwanangu wa mwisho aliletwa kwangu na mimba ya miezi miwili, mkono mmoja kashika mfuko wa nguo, mkono wa pili kashika kopo.

Kopo lenyewe lile la maziwa ya unga, lina mfuniko wake. Mimi nikadhani kaniletea zawadi. Nikanyoosha mkono nipokee, yeye akalivuta nyuma, akageukia ukutani, akafunua, akatema, akafunika. Halafu ndiyo akapiga goti, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba huku naangalia mlimani.

Mwanangu anaziba pancha za magari kule Mombo, barabarani. Mombo joto, Mombo mbu, na kwenye ukoo wetu mimba ya kwanza haikai na mbu kama yupo mama mkwe mwenye nyumba huku juu kwenye baridi. Kwao binti ni Magoma, bondeni huko, na mama yake mzima kabisa, ila kwetu mimba ya kwanza analea mkwe. Mie naishi juu ya Lushoto, karibu na msitu wa Magamba. Tunalima kabichi, karoti na viazi, na ukungu ukishuka humwoni hata mtu uliyekuwa unaongea naye.

Basi tukakaa wawili, mimi na yeye, na kopo likiwa mtu wa tatu.

Hujawahi kuyaona mate ya mjamzito wa namna ile, usinibishie. Siyo mate kama yako. Yanavutika. Anatema, uzi unabaki unaning'inia mdomoni, anaukata na kidole, anapangusa kidole kwenye kanga. Na hayaishi. Tukikaa kula, kijiko kimoja cha wali, kopo. Kijiko cha pili, kopo. Mfuniko unalia kle, kle. Mimi nikawa nageuka nakula nimempa mgongo kama mwizi, na bado nasikia. Akienda kumwaga, anatia majivu kwanza, anapeleka chooni, anarudi kaliosha, analianika juani pale pale ninapoanika vikombe vyangu. Nikamwambia binti vikombe na hilo kopo visionane. Akalihamishia kwenye tofali peke yake, akasema, "Sawa mama."

Kila kitu kwake ilikuwa sawa mama. Hasemi zaidi ya hapo.

Siku moja nimekaa mlangoni nachambua maharage kwenye ungo, yeye anapita na kopo lake limejaa. Kuku akamkatiza miguuni. Kopo likaja lote kwenye ungo wangu. Nikabaki nayatazama maharage yanavyong'aa. Binti analia, anasema atayaosha. Nikamuuliza ukiyaosha atayala nani. Nikayamwaga yote, na ungo nikautia kwenye moto. Jirani yangu, mwanamke tuliyeolewa naye mwaka mmoja kwenye kijiji hiki, alikuwa anachungulia kwenye ua. Akacheka mpaka akakaa chini.

"We bibi, umechoma ungo mzima kwa ajili ya mate?"

"Njoo uyaone basi."

"Mimba imekukataa wewe, ndiyo maana. Wenzio inawakataa waume, ya kwako imeruka mume ikaja kwa mkwe."

Nikacheka na mimi. Nikachukua kikopo changu kwenye pindo la kanga, nikatia ugoro chini ya mdomo, roho ikatulia.

Lakini mambo yakaacha kuwa ya kucheka. Kliniki wakampima uzito, umeshuka. Mwezi uliofuata umeshuka tena. Nesi akaniita pembeni, mdogo kwa mwanangu wa kwanza lakini ana heshima, akaniambia, bibi, huyu mtoto tumboni hakui vizuri, mama hali. Ukishuka tena tutamlaza, atundikiwe dripu. Binti alikuwa ameshasikia. Njiani kurudi analia kimya kimya, kopo kalikumbatia. Akasema kama hali ndiyo hii, bora apelekwe kwa mama yake Magoma.

Hapo nikaumia. Mkwe akirudi kwao na mimba, mashavu yamebonyea, watu wote kuanzia kwetu mpaka bondeni watasema mama mkwe kamshindisha njaa. Na mjukuu je, akizaliwa kama kifaranga? Nikasema hapana, huyu atakula. Kuanzia siku hiyo nikawa nampikia kila kitu. Uji wa ulezi, viazi na maziwa, bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya kunde, mapeasi mabichi na chumvi. Nikawa simwachii ajilishe, nainama naye uso kwa uso, namnywesha mwenyewe kwa kikombe, namfuta jasho kwa kanga yangu. "Meza mwanangu. Hayo mate usiteme, meza, ndiyo yanakumaliza." Akameza. Akameza kama mara tatu. Ya nne akanitapikia mikononi, uji na mate na nyongo ya njano, vuguvugu, ikaingia mpaka ndani ya mikono ya sweta. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, na mimi nikatapika. Tukawa tunatapika huku na huku, nyumba kama imelaaniwa.

Na kadiri nilivyozidi kumhudumia, ndivyo alivyozidi. Nikimkaribia tu, anatapika. Nikikaa mbali, kidogo. Mie nikaona ananidekea.

Ndipo nikapata msiba wa dada yangu, upande wa pili wa mlima. Siku nne. Nikamwachia jirani amwangalie binti, nikalia huko huku nawaza, nikirudi nitakuta yuko hospitali. Narudi, namkuta kakaa kwenye kigoda changu anachovya kiazi kwenye chumvi. Sufuria ya jana imekombwa. Mashavu yana rangi. Kopo lipo, ila limekaa tu.

Jirani akaniambia, bila kucheka safari hii, "Ulivyogeuka tu ile kona, mtoto kala."

Iliniuma, sitaki kukuficha. Nikangoja jirani aondoke, nikavuta kigoda cha pili, nikamwambia leo utaniambia nilichokukosea. Akatazama mafiga. Nikamwambia sitakasirika. Akasema hakuna kitu mama. Nikamwambia basi kesho nakupeleka Magoma kwa mama yako. Hapo akaongea, hanitazami.

"Mama, nisamehe. Ni ugoro."

"Ugoro umefanya nini?"

"Harufu yake. Ukiinama kuninywesha, nauona. Ule mweusi kwenye meno. Na unapotema pale ukutani, nikipita, yananijia mate na mimi."

"Miezi yote hii hukusema?"

"Nitamwambiaje mama mkwe kwamba ananuka?"

Kwetu kweli binti hamwambii mkwe hivyo, angesema siku ya kwanza ningemrudisha kwao mwenyewe. Nikatoka nje. Nikasimama mbele ya ukuta wangu, pale ninapokaa jioni kuota jua. Mwanangu alipaka chokaa nyeupe Krismasi iliyopita. Kutoka kwenye kigoda kwenda chini, ukuta wote ni michirizi ya kahawia, mingine imekauka, mingine mibichi, na nzi juu yake. Mate yangu. Ya leo, ya jana, ya tangu Krismasi. Mimi niliyechoma ungo. Nikaangalia na chini, kuku wanadonoa pale pale, na mayai yao tunakula. Nikaona kinyaa cha ajabu, kwa sababu cha mtu mwingine unaweza kumpa mgongo, changu ningempa nani mgongo?

Na unajua nilianzaje? Mimba ya kwanza. Kichefuchefu kilinishika hivi hivi, na kipindi hicho hakuna wa kukuuliza umekula au hujala, mimba juu, mzigo wa kuni kutoka msituni juu yake. Mama mkwe wangu alikuwa ananuka ugoro mpaka nguo zake. Nilikuwa nikimpikia naziba pumzi. Siku moja akaniona nimeegemea mti natapika, akafungua kikopo, akasema weka kidogo chini ya mdomo, tumbo litashuka. Nikaweka. Kichwa kikazunguka, nikaanguka kwenye majani, nilipoamka kweli tumbo limeshuka. Mtoto alipozaliwa akawa analia kutwa, kifua kinaniuma, nguo haziwi kavu na huu ukungu wetu, baba yake yuko kwenye mkonge. Kitu pekee kilichokuwa changu ni ile pinchi moja ya ugoro. Mtoto analia, natia, namsikia kwa mbali. Ndivyo nilivyolea watoto sita, nawasikia kwa mbali. Ile harufu niliyokuwa naziba pumzi kwa ajili yake, nikaibeba mwenyewe, nikaileta mpaka kwa huyu binti na kikombe cha uji.

Nikafua kanga zote na sweta. Ukuta nikaukwangua kwa jembe, jirani akanisaidia kupaka chokaa, ananisimanga kila akichovya. Nikaacha ugoro. Usidhani niliacha kwa heshima. Kichwa kiliuma, niligombana na mbuzi. Na mdomo, kwa kuwa ulishazoea kutema, ukawa unajaa maji tu wenyewe. Niteme wapi, ukutani siwezi tena. Siku ya pili binti akaingia jikoni, akatoka na kopo la kahawa tupu, akalitia majivu, akaniwekea miguuni. Basi tukawa tunakaa pale nje wawili, yeye kle, mimi kle. Jirani alipotukuta akasema hajawahi kuona mimba mbili kwenye ua mmoja na mmoja bibi kizee. Kinyaa kilikuwepo pale pale, sikudanganyi, mate yake yalinishinda mpaka siku anajifungua. Ila alikuwa anakula. Nesi akapima, umepanda. Akapima tena, umepanda.

Mtoto akazaliwa wa kike, mwenye mapaja. Kopo likaisha siku hiyo hiyo, sijui mate yalikwenda wapi.

Ulikuja ulezi sasa. Mtoto alikuwa analia kuanzia chakula cha mchana, uso mwekundu, ngumi amekunja. Anyonyeshwe, ananyonya, anacheua, analia. Nguo zilizotundikwa juu ya moto zinanuka moshi na maziwa yaliyolala, humo ndani ukiingia unarudi nje. Akina mama wa kanisani wakaja na sabuni na sukari, wakamwombea, na kila mmoja kabla ya kuondoka akamwambia maziwa yako mepesi, au unamshika vibaya, au mbona hujampaka mafuta. Walipotoka binti alikuwa kakaa kitandani, mtoto kwenye mapaja anapiga kelele, yeye haangalii mtoto, anaangalia mlango. Macho yale nayajua. Nilikuwa nayo.

Akaniambia taratibu, "Mama, ule ugoro wako ulikuwa unatuliza kweli?"

"Ulikuwa unatuliza."

"Umebaki kidogo?"

Ulikuwa umebaki. Ngoja niseme ukweli, nilikuwa nimeuficha juu ya kenchi, kwenye mbao za paa, kwenye kikopo kile kile, kwa ajili ya siku mbaya. Nikapanda kwenye kigoda, nikautoa. Binti akanyoosha kiganja. Nikafungua mfuniko wa kikopo kidogo, na harufu ikaja, na mate yakanijaa mdomoni palepale, mpaka leo nikikumbuka yananijaa. Nikakifunga. Nikatoka nacho mpaka chooni, nikakitumbukiza na kikopo chake, nikasikia kimefika.

Niliporudi nikamchukua mtoto mapajani mwake. Nikamwambia aende, ashuke shambani, akae kwenye kabichi, alale kwenye nyasi akitaka, asirudi mpaka nimwite. Akasema kwenye ukoo wetu mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Nikamwambia ukoo nitaongea nao mimi. Akajifunga kanga akatoka, ukungu ukamchukua kabla hajafika kwenye karoti.

Nikabaki na yule mtoto anayelia. Hakuna kitu chini ya mdomo, kwa hiyo nilisikia kilio chote, kila kelele kama ilivyo, sikioni. Nikamweka begani, nikampigapiga mgongo. Akanyamaza kidogo, nikafurahi, ndipo akanicheulia. Yakaanzia shingoni, yakashuka mgongoni ndani ya nguo, mazito, mabonge, yananuka kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Roho ikapanda mpaka hapa. Nikatazama mlangoni nimwite mama yake.

Sikumwita. Nikaweka kitambaa, nikambadilisha bega.