Ulimi Wenye Chumvi

Juzi mjukuu wangu kaja likizo na saksafoni lake. Kafungua kikasha, kanipangia mkekani vipande vyembamba vya tete, kila kimoja na namba yake. "Bibi, hiki laini, cha nyimbo za taratibu. Hiki kigumu, cha kupuliza kwa nguvu." Nikacheka mpaka machozi. Ananifundisha mimi! Nikachukua kimoja, nikakitia mdomoni. Akaruka, "Bibi, havitafunwi hivyo!" Nikamwambia kaa chini. Na wewe rafiki yangu unayenisikiliza, sogea.

Baba yangu alipuliza saksafoni hapahapa Tabora, enzi za Mwingereza. Alijifunzia kwenye bendi ya askari. Tulikaa mtaa wa Cheyo, nyumba inanukia asali aliyoleta kutoka kwao Sikonge na karanga za Mama kikaangoni. Kile kipande cha tete kinachofungwa mdomoni pa saksafoni Baba alikiita ulimi. "Bati halisemi," alizoea kutuambia, "kinachosema ni ulimi."

Na ndimi hazifanani! Wa bwalo la Wazungu alikuwa anaukwangua mwembamba, maana wale walitaka sauti ya kubembeleza, wacheze kama wamesinzia. Wa dansi la Gongoni ulikuwa mnene, mbishi. Ukumbi ule una kelele, ulimi laini unazama. Wa msibani ulikuwa wa katikati, unaolia bila kukoroma. Baba aliuinua juani autazame moyo wake, ukiwa na kivuli kilichopinda anautupa. Ukimpendeza ananipa mimi niuloweshe, maana ulimi mkavu unalia kama bata. Basi nafagia uwanja na ulimi mdomoni, nachambua mlenda na ulimi mdomoni, Mama ananisemesha najibu mm, mm.

Kwetu alikaa pia Bibi, mama yake Mama. Yeye na Baba ni wakwe, hawakutazamana wala kusemeshana. Neno lao lilipita kwangu, hata kama wote wako uani. "Mke mwenzangu, mwambie baba yako paa linavuja." Baba kasikia, lakini anangoja nimwambie. "Mwambie bibi yako nimesikia." Nilijiona mtu mkubwa mimi!

Bibi alikuwa na donda lake. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe ya ndovu na msafara kwenda pwani yeye Bibi akiwa kitoto. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Na kwetu Wanyamwezi zamani hizo, aliyefika pwani ndiye mwanamume. Aliyetupa mzigo porini akakimbia, aibu yake inarithiwa. Jirani yetu, kikongwe mwenzake, wakigombana kwenye kinu alimchoma hapohapo. "Nani asiyejua? Baba yako alitupa pembe kichakani, akaenda kuoa Ugogo!" Bibi anaendelea kutwanga. Jioni anaweka kata ya maji mlangoni kwa ajili ya baba yake. Matanga hakuwahi kumwekea. Utamlilia vipi mtu, hujui ni marehemu au mtoro?

Ikaja ile vita ya pili ya Wazungu, ndimi zikaisha madukani. Baba akasema tutakata wenyewe. Tukashika njia ya zamani ya misafara, upande wa mashariki, jua la utosi, kiangazi kimekausha kila kitu. Mabondeni matete yamekuwa makapi. Mara tukaona fungu moja, peke yake karibu na mawe mawili, kijani kabisa, na chini yake udongo mkavu kama mfupa.

Hapakuwa na ndege pale. Hata nzi. Baba akachagua tete lililokomaa, akapitisha kisu. Nikasikia mtu anashusha pumzi nyuma yetu, ndefu, kama anayetua mzigo. Nikageuka. Hamna mtu. Kumtazama Baba, na yeye alikuwa amegeuka.

Tukarudi nyumbani mbio mbio, tete kwapani mwa Baba.

Lilipokauka darini akalipasua, akalikwangua kwa kigae cha chupa, akanipa. Nikalitema. "Baba, lina chumvi!"

"Ni karanga zako hizo."

Hazikuwa karanga. Chumvi yetu ilitoka Uvinza, naijua. Hii ilikuwa na uchungu nyuma yake, na haikuisha kwa mate. Na ule ulimi haukutii. Baba kaukwangua uwe wa kubembeleza, umekataa. Kakata ncha uwe wa dansi, umekataa. Wimbo wowote aliouanza uligeuka mwendo wa miguu, pole pole, mmoja, mwingine, na chini ya sauti kama kuna mtu anahema. Mbwa wetu akisikia anajilaza, masikio chini.

Lakini ulimi mwingine hakuwa nao. Jumapili alasiri akaupiga Gongoni, sisi watoto tunachungulia dirishani. Walianza na wimbo wa haraka. Kidogo kidogo nikaona watu wanaachana mikono. Wakajipanga, mmoja nyuma ya mwenzake, wanazunguka ukumbi, shingo hazitikisiki, kila mmoja mkono mmoja umeinuka begani kama kashikilia kitu. Hakuna anayecheka. Baba macho yamemtoka, vidole vinakwenda vyenyewe. Alipolichomoa saksafoni mdomoni, watu wakatazamana, wakaanza kujifuta vumbi nguoni.

Asubuhi jirani kaingia uani anacheka. "Mkweo jana kawageuza watu wapagazi! Mstari mzima, mizigo begani!"

Ungo ukamponyoka Bibi. "Mke mwenzangu, muulize baba yako, ulimi kaukata wapi."

Baba alikuwa mlangoni, kawapa mgongo. "Mwambie bibi yako, njia ya zamani, fungu la peke yake, kwenye mawe mawili."

Bibi akakaa chini. Ndipo akasema. Zamani mume akienda na msafara, mkewe humsindikiza mpaka maji ya mwisho kabla ya pori, akapanda tete. Halikatwi, wala halitajwi mbele ya wanaume. Mwenyewe akirudi ndiye hulikata, akamchongea mtoto wake filimbi. Lile alilipanda mama yake Bibi. Mama yangu naye alilijua fungu lile, lakini sisi tulimletea limeshakatwa, na matete yakishakatwa yote ni sawa.

"Mwambie bibi yako sikujua," Baba kasema.

"Mwambie hana kosa. Angejuaje, na mimi na yeye hatusemi?"

Mimi na kiherehere changu nikadakia, "Bibi, ule ulimi una chumvi."

Bibi akanyoosha kiganja, nikamletea. Akauweka mdomoni, akafumba macho. Muda mrefu. Kisha akautoa, akampa jirani. "Onja. Hii ni ya Uvinza?"

Yule kikongwe akaonja. Cheko lote likamwisha. Marehemu mumewe alikuwa amefika pwani, alimsimulia maji ya bahari yasiyonyweka, machungu kwa chumvi. Akapiga magoti palepale vumbini.

"Alifika," akasema. "Dada yangu, baba yako alifika pwani."

Bibi akapiga kigelegele kimoja, kikakatikia katikati kikawa kilio. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Akageuka, akamtazama Baba usoni. "Mkwe wangu. Nipigie."

Baba akapiga. Matanga yakaanza mchana uleule, na jirani ndiye aliyetwanga mtama wa wageni. Siku ya kuondoa tanga ulimi ukapasuka wenyewe katikati, sauti ikakoma kama mtu aliyefika. Kata ya maji haikuwekwa tena mlangoni.

Sasa wote wameondoka. Kwenye mawe mawili pana nyumba za watu na vibanda, nilipouliza tete wakanishangaa.

Mwanangu wa kwanza alipopata kazi pwani alinipeleka. Wenzangu wanashangaa mawimbi, mimi nikainama, nikachovya kidole, nikaonja. Ni yenyewe, na uchungu wake nyuma. Nikasema shikamoo. Mwanangu akauliza, "Unamwamkia nani, Mama?"

Huyu mjukuu naye ananitazama hivyohivyo, kikasha mapajani. Ndimi zake zote nimezionja, moja moja. Nzuri, laini kwa ngumu. Hazina ladha ya kitu.