Magoti ya Mama Drateru

Mama mkwe wangu, Drateru wa Dranya, alikuwa na magoti mabovu na adabu iliyopita kiasi. Nasema hivyo kwa upendo. Alimpigia magoti kila mtu aliyemsalimu: padri, mgeni, hata Basile, muuza chumvi kutoka Congo, ambaye mwisho alianza kumkimbia kwa aibu. Kushuka alishuka mwenyewe, taratibu, akitabasamu. Kuinuka ndiyo ilikuwa kazi. Walihitajika watu wawili, na mmoja wao siku zote nilikuwa mimi, Candiru, huku nagomba.

Mwaka wa sabini na nne magoti yakavimba hata shambani hafiki. Mtu aliyelima mtama maisha yake yote, sasa anakaa kitako mlangoni akitazama magugu yakimshinda! Roho iliniuma sana. Tukasikia ofisi moja mjini Arua inatoa vyeti kwa wazee na vilema. Mwenye cheti anatibiwa bure, sindano na kila kitu. Ila kwanza lazima wamwone kwa macho. Tukadandia lori la tumbaku.

Njia nzima wimbo wangu ni mmoja. "Mama, leo usipige magoti. Salimia umesimama."

"Nisimame mbele ya serikali kama nguzo? We Candiru, nani alikulea?"

Mlangoni askari akanizuia; mgonjwa anaingia peke yake, akasema. Nikachungulia dirishani. Ebo! Si huyo anashuka, taratibu, akitabasamu, anamwamkia afisa kijana, anamuuliza na hali ya watoto wake na ng'ombe wake!

Afisa akafurahi. "Asante, mama. Lakini magoti yako iko mazuri sana. Mutu mgonjwa hawezi kupiga hivyo. Cheti hapana. Unaweza kwenda."

Nilichemka. Nikaapa palepale dirishani, kwa sauti, kwamba yule bwana sitampigia magoti hata anipe ng'ombe.

Mama hakuondoka.

"Unaweza kwenda, mama."

"Nimesikia, mwanangu. Niinue basi."

Afisa akacheka, akidhani ni utani. Akamvuta mkono, mama palepale. Akazunguka meza, akamshika kwapani, jasho likamtoka. Akamwita askari. Wakavuta wote wawili, mama akalia kwa maumivu, na bado akawaomba radhi kwa kuwasumbua. Hapo kicheko kikakatika. Afisa akachuchumaa, akayatazama magoti yale.

"Mama, iko hivi, na wewe unapiga tu? Kwa nini?"

"Sasa ningekusalimu na nini?"

Nikaitwa ndani. Tukamwinua watatu, tukamkalisha kwenye kiti cha afisa mwenyewe, na cheti kikaandikwa mbele yake. Nilitaka kupiga vigelegele.

Mama akakipokea kwa mikono miwili. Kisha nikamwona anasogea ukingoni mwa kiti, anaanza kuinama, maana kwetu asante haitolewi hivihivi.

"Hapana!" tukapiga kelele wote watatu.

Akatutazama, akafikiri, akanigeukia.

"Basi, Candiru. Wewe una magoti mazima."

Nikamtazama afisa. Kiapo changu alikuwa amekisikia, najua, maana aliuma midomo asicheke.

Nikapiga magoti.