Begi la Fundi Viatu

Fundi viatu alikuja na begi lake la ngozi kumsalimia dada yake siku tatu tu, akakuta mji wa pwani ambao mvua yake haina likizo. Siku ya pili soli ya kiatu chake ikaachia, akaishona mwenyewe barazani. Jirani akachungulia, akaleta cha kwake. Kufumba na kufumbua, mtaa mzima umepanga viatu mlangoni.

"Mvua ikikatika tu, naondoka," akawaambia.

Huu mwaka wa tisa.

Jana jua likawaka, kali kwelikweli. Dada akamtania, "Haya mdogo wangu, imekatika. Chukua begi lako."

Fundi akakata uzi kwa meno, akacheka.

"Begi gani, dada? Si nililikata viraka, na kimoja umekikanyaga hapo kwenye kiatu chako? Ngozi iliyobaki kaivaa mwalimu jirani."