Mkopo wa Lorna na Liki za Mzee Milburn

Lorna Hepple ndiye aliyenifundisha kuendesha gari hapa Ashington, nami nikaanguka mtihani wa kwanza kwa kupanda ukingo wa barabara, kwa hiyo hasira yake naijua. Wengine wakikasirika sauti hupanda. Yake hushuka, na ikishuka, kunyamaza ndiyo salama yako. Siku ile ya Julai niliisikia kupitia ukuta, maana hizi nyumba zetu za wachimba makaa zimeshikana, na matofali yake hayana siri. Alikuwa anaongea na benki.

Chanzo ni dada yake, Hazel. Hazel alikuwa mwamuzi wa mpira, mwanamke aliyewatoa uwanjani wanaume wenye shingo nene kuliko kiuno chake. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kushoto. Ulimi kilimwachia. Tangu hapo alilala sebuleni kwa Lorna, kwa sababu ngazi hawezi kuzipanda, na bafu la nyumba zetu liko juu. Lorna akawa anamwogesha kwa beseni mbele ya televisheni, mapazia yamefungwa mchana kweupe.

Sasa Lorna alikuwa amepata nyumba ya chini, isiyo na hata kidato kimoja, milango mipana, bafu ambalo kiti cha magurudumu kinaingia na kugeuka. Mkopo wake wa nyumba ya zamani ulikuwa na riba ndogo, aliyoifunga kwa miaka kumi kabla riba hazijapata wazimu. Mkataba ulisema wazi kwamba akihama, mkopo unahama naye, riba ileile. Akikopa upya kwa riba ya sasa, kipato cha mwalimu wa udereva kisingetosha, na Hazel angeendelea na beseni.

Kijana wa benki aliitwa Elliot. Lorna alikuwa ameweka simu kwa sauti ya wazi, kwa hiyo nilimsikia na yeye.

"Mkopo unahama, Bi Hepple. Ila lazima uuze na ununue siku ileile. Siku zikipishana, huu wa zamani unafungwa, unalipa faini ya kuuvunja, na tunaanza upya."

"Kwa riba gani?"

"Ya leo."

"Mwanangu, hiyo riba ya leo wewe ungeiweza?"

"Mimi kwa kweli bado naishi kwa mama."

"Basi unanielewa. Mmeandika mkopo unahama, na utahama. Ahadi ni deni, na nyie si ndiyo kazi yenu, madeni?"

Siku moja. Inaonekana rahisi mpaka uwatazame wahusika. Waliokuwa wananunua kwa Lorna walikuwa na watoto, wakataka kuingia kabla shule hazijafunguliwa Septemba, la sivyo wanatafuta kwingine. Na aliyekuwa anamuuzia Lorna, Mzee Cuthbert Milburn, alisema hatoki mpaka maonyesho ya liki, zile mboga ndugu wa vitunguu, yapite, katikati ya Septemba.

Hapo kosa lilikuwa la mzee, na ni kosa ambalo nje ya kona yetu hii hakuna awezaye kulifanya. Alipokubali kuuza, baridi ilikuwa ndiyo kwanza inaisha, na alijua kama tunavyojua sote kwamba nyumba huku huuzwa kwa mwendo wa konokono, mawakili wakiandikiana barua mpaka Krismasi. Kwa hiyo akapanda liki zake kama kila mwaka. Mwaka huo, maajabu, mawakili wakafanya kazi.

Usifikirie liki ya kukatia supu. Hizi zina unene wa paja, hulishwa dawa ambayo mtu hamwambii hata mkewe, na hupimwa klabuni mbele ya watu wasiocheka. Ukizing'oa mapema zimeharibika. Ukiziacha peke yazo, mwenzako mwenye wivu anakuja na kisu. Wako wazee hapa hawajasalimiana tangu migodi ikiwa wazi kwa ajili hiyo.

Wakala wa nyumba alimkataza Lorna kwenda kwa muuzaji. Huku mnunuzi na muuzaji ni kama wachumba wa zamani, hawaonani, wanasemewa. Lorna alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamtia Hazel garini, akaniambia nibebe kiti chake cha magurudumu. Tukaenda.

Tulimkuta Mzee Milburn nyuma ya nyumba, kando ya tuta lake la liki.

"Wakala kasema msije," alisema.

"Kaniambia na mimi. Sasa tushavunja mwiko wote, tupe chai."

Alitupa chai. Lakini kuhama alikataa. "Maonyesho yakipita chukua nyumba, bibie, chukua na paka."

"Yakipita sina mkopo, Mzee. Na bila mkopo sinunui."

"Watakuja wengine."

"Waje. Huyo atakayekuja atatandika sakafu ya mbao hapo uliposimama aweke jiko la nyama choma."

Mzee alitazama chini ya viatu vyake. Niliona neno limemuuma, nikafurahi, nasema kweli.

Hazel alikuwa muda wote anakitazama kibanda cha zana. "Mzee, mle ndani mna nini?"

"Kitanda. Na redio. Agosti ikianza nalala mle, nazilinda."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

"Kwa hiyo hiyo nyumba unayoing'ang'ania hulali ndani yake."

Lorna akaingilia hapohapo. Akasema yeye achukue nyumba Ijumaa ya mwisho ya Agosti, tuta na kibanda vibaki vya mzee mpaka siku ya maonyesho.

"Ukishakuwa na ufunguo utanifungia geti," alisema mzee.

"Itaandikwa."

Wakili alisema jambo hilo halijawahi kuandikwa. Sauti ya Lorna ikashuka. "Basi we ndo utakuwa wa kwanza." Elliot naye akasema nyumba lazima iwe tupu, asiwemo mtu.

"Itakuwa tupu. Mtu yuko kwenye liki."

"Bi Hepple, naomba usubiri nimuulize mkubwa wangu."

Alisubiri. Alisubiri na muziki wa benki sikioni, akapika, akala, akamwogesha Hazel, simu bado iko begani. Mwisho Elliot akarudi, akasema mkubwa amekubali, mradi mzee asilale ndani ya nyumba na siku yake ya kuondoka iandikwe. Nilidhani Lorna angeshangilia. Aliuliza tu jina la huyo mkubwa, asije akakana.

Ijumaa ile pesa zilipita, za kuuza na za kununua, na mkopo ukahama. Mzee Milburn alikabidhi ufunguo akarudi kwenye redio yake, baada ya kutuonya tusipite na fanicha upande wa tuta. (Baadaye alitoka wa pili klabuni. Akalaumu kelele zetu.)

Tulikuwa mlangoni na kochi, Lorna mbele mimi nyuma, tuliposikia komeo la bafu likipigwa kutoka ndani. Lorna aliachia upande wake wa kochi akakimbia, na wangu ukaniangukia mguuni.

"Hazel, fungua. Ukianguka je?"

"Nikianguka nitaita."

"Toa komeo tu, mlango nitauacha umefungwa. Siingii."

"Lorna, tangu niugue nimesuguliwa mbele ya taarifa ya habari kama sahani. Komeo hili halitoki."

Maji yakaanza kutiririka. Lorna aliegemeza paji la uso kwenye mlango akalia, waziwazi, huku wabeba mizigo wakimpita na makabati. Sijapata kumwona hivyo, na sikujua niangalie wapi.

"Nasikia unavyopumua hapo nje," Hazel alisema. "Ondoka mlangoni kwangu."