Mifupa ya Kwao

Nilipojifungua, mama mkwe alitoka Ipogolo akaja kwetu Mbalizi kunisaidia uzazi. Kila asubuhi alimwogesha mwanangu kwenye beseni, akampaka mafuta, halafu akamnyoosha: mkono huu kuvuka kifua, mwingine juu yake, magoti mpaka tumboni, kisha vuta. Hata kwetu wanafanya hivyo. Wanasema mtoto asiponyooshwa atakuwa mzito wa viungo.

Siku moja nakoroga uji nikasikia kitu kimekatika, kama kijiti kikavu. Halafu kilio.

"Umemlalia mtoto usiku," akaniambia, mimi hata sijauliza kitu.

Hospitali walisema mkono umevunjika. Muuguzi akaniangalia mimi, sio yeye. Mimi ndiye niliyekuwa na miaka ishirini na uso wa hasira. Mama mkwe alikaa kwenye benchi akihesabu rozari yake.

Mtoto alipoanza kusimama akishika stuli, aliteleza akakaa chini. Kukaa tu, jamani. Paja likavunjika. Safari hii niliitwa ofisi ya ustawi wa jamii, nikaulizwa nampigia nini. Mume wangu akampigia simu mama yake, aliyekwisharudi Ipogolo, pale pale mlangoni, na mama yake akamjibu kwa sauti niliyoisikia na mimi: "Mkeo ana mkono mwepesi. Nileteeni mjukuu wangu." Baba wa mtoto akakubali. Akasema ni mpaka mambo yapoe. Plasta ilipotolewa, mwanangu akapelekwa Ipogolo, na mimi nikabaki Mbalizi nafua nguo zake zilizobaki ambazo hakuna aliyezichafua.

Sitasema nililia. Nilikaa nikiwaza siku nitakayomlipa yule mama.

Ila kilichoniuma kuliko vyote nilikuja kukijua baadaye. Kwenye jumuiya yao ya kanisa, zamu ya kutoa nia za sala ilipomfikia, mama mkwe alisimama akasema: "Tumwombee mke wa mwanangu, shetani wa kupiga mtoto amtoke." Wanawake wote wakaitikia. Kila wiki nilikuwa naombewa kwa kosa la mtu mwingine.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Wifi, njoo. Mtoto kavunjika tena. Mguu ule ule."

"Nani alikuwa naye?"

"Mama. Alikuwa anamnyoosha. Anasema amelegea kwa sababu wewe hukumnyoosha."

Nilifika Ipogolo sijala. Nikamwamkia mama mkwe, "Kamwene," maana adabu ninayo, nikambeba mwanangu na godoro lake dogo. Nikasema twende wote hospitali. Akataka kubaki. Nikamwambia, "Mama, leo unakuja, hata kwa kukuburuta."

Daktari alikuwa mama wa makamo. Aliangalia picha ya mguu, akaona mfupa ni mwembamba na una makovu ya kuvunjika zamani. Halafu akaacha picha, akamvuta mtoto kope chini kwa kidole. Weupe wa macho ya mwanangu una bluu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Mimi nilidhani ni urembo.

"Mfupa ni kama nguzo ya zege," akasema. "Madini ndiyo ugumu wake, ila ndani kuna nondo. Nondo hizo ni protini, inaitwa kolajeni. Mwili wa huyu mtoto unatengeneza nondo pungufu. Ukimvuta, anakatika. Kolajeni hiyo hiyo ndiyo inayofanya weupe wa jicho uwe mzito. Ikipungua, rangi ya ndani inapenya. Huyu hajapigwa na mtu."

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza, mkono sikioni. Ana miaka mingi hasikii vizuri.

Daktari akamgeukia. Akamtazama macho muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na mimi nikatazama pia, kwa mara ya kwanza. Bluu ile ile.

"Bibi, umewahi kuvunjika?"

"Eee?"

Nikainama kwenye sikio lake. Mlango ulikuwa wazi na foleni nzima ipo nje. Nikapaza sauti kwa raha zangu zote. "Anauliza umewahi kuvunjika, mama!"

"Mkono, nikiwa msichana. Na mguu. Na mbavu nikikohoa. Kwetu wengi tulivunjika. Tulisema tumelogwa."

"Ugonjwa huu mara nyingi hurithiwa, kwa bibi kupitia baba, hata baba asipovunjika," daktari akasema. "Hata masikio huharibu."

Nilirudia hilo nalo, neno kwa neno, kwa sauti ile ile. Mtu mmoja kwenye foleni akaguna.

Njiani kurudi mama mkwe alilia. Alinieleza kwamba marehemu mama yake alimchapa kwa kila mfupa aliovunja, akimwambia ni mtukutu. Nilimsikia vizuri sana. Moyo wangu haukulainika.

Mume wangu alikuja Ipogolo siku iliyofuata anataka tuyamalize ndani, kifamilia. Nikamwambia mimi sikutukanwa ndani. Mtoto naondoka naye, na kabla sijaondoka mama yako atasimama kwenye jumuiya.

"Ni mtu mzima yule," akasema. "Unamdhalilisha."

"Ndiyo."

Jumamosi ile walisali nyumbani kwa jirani. Nilikaa mbele kabisa, mwanangu mapajani juu ya mto, plasta mpaka kiunoni. Zamu ya nia ilipofika, mama mkwe akasimama, akaanza kusema kama anayeongea na kanga yake. Mtoto hakupigwa. Ni ugonjwa. Umetoka kwake yeye. Mikono yake ndiyo iliyomvunja.

Mwenyekiti akasema hawajasikia huku nyuma.

"Rudia, mama," nikamwambia. "Kwa nguvu."

Akarudia. Walipomaliza kusali alinyoosha mikono ambebe mjukuu wake amuage. Nikamwambia amuage kwa mdomo.